Kovu la Sauti

Katika nchi ile jua lilikuwa limesimama utosini, na hakuna aliyekumbuka lilisimama lini. Wapo walioapa kwamba waliwahi kuliona likienda, enzi za utoto wao, likichomoza huku na kuzama kule, lakini wazee wa nchi ile walikuwa waongo kama wazee wa nchi nyingine yoyote, na kwa kuwa siku hazikupita, hakuna aliyeweza kuthibitisha nani alizaliwa kabla ya nani. Palikuwa na adhuhuri moja, basi. Watu walizaliwa ndani yake, wakaoana, wakagombana, wakazikwa, na aliyetaka kutaja muda mrefu alisema "nywele mbili" au "nywele tatu," yaani muda wa mtu kunyoa kichwa, nywele zikaota, akanyoa tena. Kobelo alikuwa na umri wa nywele mia na ushei, na tangu apate akili zake kazi yake ilikuwa moja: kuwaita kulungu waje kufa.

Tuseme hivyo hivyo, bila kuipaka asali. Watu waliipamba kazi hiyo kwa majina ya heshima, wakamwita Mwitaji, wakampa nafasi ya mbele penye karamu, na yeye mwenyewe kwa muda mrefu alijihesabu kuwa ni fundi, kama mfinyanzi au mshona ngozi. Alikuwa na pembe ya digidigi isiyozidi kidole cha shahada kwa urefu, imetobolewa karibu na ncha, na tundu lake limezibwa kwa utando ule mweupe ambao buibui hufungia mayai yake. Asiyejua akiipuliza, ililia kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kibuyu. Kobelo akiipuliza, mtoto wa kulungu alikuwa amenaswa mguu mahali fulani kwenye majani, hajafa bado, anamlilia mama yake. Na mama alikuja. Dume lilisimama mbali, likatega masikio, likafikiri, likaendelea kula. Hayo ni ya madume, tusiyasengenye. Aliyekuja mbio bila kutazama kushoto wala kulia alikuwa mama.

Sheria za mawindo hayo zilikuwa chache na zilishikwa kwa ukali. Mwitaji huketi peke yake ukingoni mwa msitu, amefungwa kitambaa machoni, asione kinachokuja. Mpigaji hujificha kwenye majani hatua thelathini ubavuni kwake, na haruhusiwi kutoa sauti, hata chafya. Mpigaji wa Kobelo aliitwa Mkude, mtu mrefu ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa mnene kuliko wa kulia kwa ajili ya kushika upinde, na wawili hao walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu ndevu zao hazijaota. Pembe ikilia, mnyama husimama, masikio juu, akitafuta. Pembe ikinyamaza, huinua shingo ili asikilize vizuri zaidi, na hapo ndipo mshale huachiwa. Mkude hakuwahi hata mara moja kuachia mshale pembe ikiwa inalia, wala hakuwahi kuchelewa ikinyamaza. Ni kana kwamba mkono wake ulishonwa kwa uzi kwenye pumzi ya mwenzake. Habari hizo za mshale hazikuingia ndani ya nyumba. Mke na watoto wa mwitaji waliijua pembe, na waliijua nyama.

Kwa nini kazi ya mtu mmoja ifanywe na wawili? Kobelo alilitafakari jambo hilo nywele nyingi, kitambaa kikiwa machoni, na jibu alilolipata hakulipenda. Ni ili asipatikane mtu aliyefanya jambo zima. Ukimuuliza Mkude nani amemuua kulungu yule, atakwambia: mimi nilipiga kilichokuja. Ukimuuliza Kobelo, atakwambia: mimi nilipuliza tu, macho yangu yalifungwa, hata sijui mnyama mwenyewe alikuwaje. Dhambi imekatwa vipande viwili, kila mmoja kachukua chake, kakiona ni kidogo, cha kubebeka. Na ukiikata vipande mia, au elfu, ukamgawia kila mtu punje yake, utaweza kujenga mji mzima na usimpate mwenye hatia hata mmoja ndani yake.

*

Mji wenyewe ulijengwa hivyo. Nyama ilikwenda vyunguni na ngozi zilikwenda juu. Zilishonwa moja baada ya nyingine mpaka zikawa kitu kimoja kikubwa kilichotandazwa juu ya uwanja, nacho kiliitwa Kivuli, na mtu aliyekaa katikati yake aliitwa Mwenye Kivuli. Ardhi ya pale ilikuwa mwamba usiochimbika, kwa hiyo nguzo hazikusimikwa. Zilishikwa na watu. Walisimama pembezoni, nje, juani, kila mmoja na nguzo yake begani, wakiushikilia ubaridi ambao haukuwafikia. Mtu mwenye kazi ya kupendeza alikaa ndani. Asiye nayo alishika nguzo, na akiuliza atapumzika lini, aliambiwa kwa upole: jioni.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomshangaza Kobelo kuliko yote. Neno "jioni" lilikuwa limebaki katika lugha kama vile jina la marehemu linavyobaki katika ukoo, na watu waliliamini, wakaambizana, wakawaambia watoto wao. Walikufa wakiwa wameishikilia nguzo, na waliowapokea waliambiwa neno lile lile.

Kobelo alikaa ndani. Alikaa vizuri, karibu na mtungi. Mkewe alikwishafariki, akamwachia binti mmoja, Sikitu, aliyepewa jina hilo ili kuyahadaa mauti, maana watatu waliomtangulia walikuwa wamekufa wachanga. Mauti yakisikia kwamba aliyemo ndani ya nyumba ni Sikitu, yatapita yaende kwingine penye kitu. Na yalipita kweli. Msichana alikua, akawa mrefu, akawa na ulimi, na baba yake akampenda kwa woga, kama wapendavyo watu waliokwisha kuzika.

Safari moja Kobelo alirudi kutoka mawindoni akakuta nafasi ya binti yake karibu na mtungi ni tupu. Alikuwa nje, juani, ameshika nguzo ya mwanamke mjamzito aliyekuwa karibu kujifungua.

"Rudi ndani, mwanangu. Utaungua."

"Huyu mama alikuwa anaungua, baba. Mbona yeye hukumwambia?"

"Yeye si wangu."

Sikitu akainua macho kutazama ngozi zilizotandazwa juu, akazitazama kwa muda.

"Kila ngozi iliyopo hapo juu ilikuwa mama wa mtu," akasema.

"Wa kulungu."

"Haya, baba. Wa kulungu."

Alilisema hilo bila ukali wowote, na upole wake ulimchoma mzee kuliko tusi. Angemtukana, angepata pa kushika. Mtu akikujibu "haya" namna ile, amekwisha kukuacha mahali fulani nyuma yake, na wewe unabaki na maneno yako mkononi.

Hazikupita nywele mbili, Sikitu akailaza nguzo chini, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia, akaenda zake msituni. Wenzake wapata arobaini wakamfuata pamoja na watoto wao. Huko msituni palikuwa na kivuli ambacho hakikushikwa na mtu, na hakuna aliyetakiwa kukingoja. Kwa upande wa mji, Kivuli kililegea pembe moja, ngozi zikabonyea, na jua likaingia mpaka miguuni pa Mwenye Kivuli.

*

Alikuwa mtu mdogo, mwenye sauti ya mgonjwa. Kobelo alipoitwa mbele yake, cha kwanza alichokiona ni ile miguu, inachubuka kama viazi vilivyochemshwa kupita kiasi.

"Shikamoo, Mkubwa."

"Marahaba, Kobelo. Karibu uketi. Umekula?"

"Nimekula, Mkubwa."

"Ule tena. Mtu hali mara moja." Akamsogezea bakuli la uji kwa mikono yake mwenyewe. "Nimekusumbua kwa jambo dogo. Wewe unajua kuita."

"Naita wanyama, Mkubwa."

"Mtoto wa kulungu akinaswa analiaje?"

Wote wawili walijua jibu. Mtoto wa kulungu akinaswa hulia kama mtoto wa mtu.

"Watoto wamo humo msituni," Mwenye Kivuli akasema. "Watoto hupotea, huteguka miguu. Mtoto akilia ukingoni, mama zao watatoka kutazama, na wengine watafuata. Wa kwanza kutoka, Mkude atampiga mshale. Si kwa chuki, ndugu yangu. Ukimwangusha wa mbele, wengine miguu inaishiwa nguvu, wanakamatwa bila vurugu. Nitaweka vijana wa kamba nyuma ya Mkude. Waliotoroka watafungwa kwenye nguzo zao, ili wasichoke tena wakaondoka."

"Mkubwa, binti yangu yumo humo."

"Najua. Ndiyo maana sijakuamuru, nimekukaribisha tuzungumze." Akajikuna mguu. "Ukikataa sitakugusa. Nitautia msitu moto. Nami moto siupendi, unaongeza joto."

Kobelo akaushika uji, akauweka chini. "Na nikiita, wasitoke?"

Mwenye Kivuli akalifikiria swali hilo kwa haki, kama mtu aliyeulizwa njia. "Hakuna mama atakayetulia mtoto akilia," akasema. "Wasipotoka nitajua hawamo, wamekwisha kuvuka mto, na mimi si mjinga wa kuchoma msitu mtupu. Nitatafuta wengine. Watu hawakosekani."

Kobelo akaomba ruhusa aende kuiandaa pembe. Njiani aliwaza mambo yasiyomhusu, kama afanyavyo mtu mwenye hofu. Aliwaza: kivuli kisichokaliwa na mtu ni doa tu ardhini. Basi ni nani anayemkinga mwenzake na jua, yule aliyekaa katikati au hawa waliosimama nje? Na kama ni hawa, kwa nini wao ndio wanaosema ahsante? Lakini moyo wake haukuwa huko. Moyo wake ulikuwa umeshikamana na neno moja: wa kwanza. Wa kwanza asiwe Sikitu. Hapana. Asiwe mtu yeyote. Pasiwe na wa kwanza.

*

Hapa pana jambo ambalo Mwenye Kivuli hakulijua, kwa sababu waliokaa kivulini hawakuwahi kwenda porini kuokota kuni. Zamani, kabla Kobelo hajazaliwa, mwanamke mmoja mwokota kuni aliisikia pembe, akautupa mzigo wake, akaikimbilia ile sauti, na mshale ukampata. Tangu hapo waitaji wakajiwekea sheria: kila mmoja atie dosari ndani ya wito wake, mahali pale pale kila mara, dosari ambayo mnyama haijali lakini sikio la mtu linaishika. Dosari hiyo waliiita kovu. Kila mwitaji alikuwa na lake. La Kobelo lilikaa baada ya kilio cha pili: palikuwa na kukwama kidogo, kama kwikwi, kisha kilio cha tatu kikapanda mahali ambapo cha mtoto wa kweli kingeshuka.

Sikitu alilijua kovu hilo kabla hajajua kutembea. Kobelo alipokuwa akijizoeza uani, watoto wa majirani walikimbilia kwa mama zao, lakini huyu, pembe ikifika kwenye kwikwi, alicheka. Alipopata akili, baba yake alimkalisha juu ya goti akamfundisha kwa makini kuliko alivyomfundisha salamu. "Ukiisikia hii porini usidanganyike," alimwambia. "Ujue ni mimi." Na mtoto aliitikia kwa kichwa, akarudia: nijue ni wewe.

Basi Kobelo akaona njia. Ataita, tena ataita kwa nguvu zake zote, na kovu atalitia wazi kuliko alivyowahi kulitia. Vijana wa kamba hawatalitambua, watasikia mtoto analia tu. Sikitu atalitambua. Atawaambia wenzake: tulieni, hakuna mtoto pale, ile ni pembe. Hatatoka mtu. Mwenye Kivuli ataamini kwamba wamevuka mto, na msitu utapona pamoja na waliomo. Aliupindua mpango huo kila upande, akautafuta ubovu, asiuone. Kwa mara ya kwanza tangu binti yake aondoke, alijisikia kama baba anayefanya kazi ya baba. Hata tabasamu lilimjia, la aibu aibu, akalificha mdomoni pamoja na pembe.

Mkude alimkuta kwenye njia ya msituni. Walitembea pamoja, bila haraka, kama kawaida yao.

"Utaita na kovu?" Mkude akauliza.

"Sheria ndivyo inavyotaka."

"Ndivyo inavyotaka." Mkude akatembea hatua kadhaa. "Ndugu yangu, nikwambie kitu, usije ukanilaumu. Huu mkono mimi siuamuru tena. Ukinyamaza, wenyewe unaachia. Nimejaribu kuuzuia mara moja, kulungu mmoja alikuwa na mimba. Nilijaribu, haki ya Mungu. Uliachia."

"Hukuniambia."

"Ningekwambia nini? Wewe ulikuwa umefungwa macho."

"Usiwe na wasiwasi," Kobelo akasema. "Hatatoka mtu."

"Haya," Mkude akasema. "Sikitu huyo nimembeba begani, Kobelo. Mungu na aitilie heri kazi hii, maana mimi siwezi."

*

Akaketi ukingoni. Akakunja miguu chini yake. Akafungwa kitambaa. Nyuma na ubavuni alisikia majani yakilazwa na matumbo ya vijana, kisha kimya. Akaipachika pembe mdomoni, akaita.

Kilio cha kwanza. Cha pili. Kwikwi. Cha tatu kikapanda.

Akaita tena.

Ndani ya kitambaa adhuhuri ilikuwa nyekundu. Kobelo alijua namna muda unavyofanya mahali pale, maana mwitaji akizama katika kazi yake hapati tena kujua kama amepuliza mara tano au mara mia tano. Alijua pia, na hili hakuwahi kumwambia mtu, kwamba baada ya muda kidogo sauti huacha kuwa yake. Hapulizi tena. Analia. Mguu umenaswa, majani yananuka damu, na mama yuko mbali.

Mama, niko hapa. Mama, usije.

Mimi ni nani anayelia? Ni Kobelo, mwana wa watu, mwenye pembe. Hapana, mimi ni wa miguu minne, nina nywele tatu... sina nywele, sijazaliwa vya kutosha kuwa na umri. Kwikwi. Hapo, hapo ndipo nilipo. Nimejificha ndani ya kile kikwamo kidogo kama mtu nyuma ya mlango. Mengine yote ni uongo wa kulungu, pale tu ndipo penye Kobelo. Mtu hujificha katika kosa lake. Ukitaka kumjua mtu usisikilize anapoimba vizuri.

Sikitu, sikiliza kosa. Kaa hapo hapo ulipo. Keti chini ya mti wako.

Ni wangapi waliokuja kwa sauti hii? Sikuwahesabu. Niliwasikia. Wanakuja na kwato nyepesi, wanasimama karibu kabisa, nasikia wanavyohema, na ndani ya kuhema kwao mna swali: uko wapi? Kila mmoja aliniuliza mimi. Nikawajibu kwa kunyamaza. Nilikuwa mtoto wao wote, nami niliwaua wote, na tazama, mimi ni mtu mwema, nakaa karibu na mtungi.

Mama yangu mzazi alikuwa na mkono mmoja mkavu. Alinishika kichwa kwa ule mkono. Mbona ananijia sasa? Nani amemwita?

Usije, mama. Usije, mwanangu. Nani mama hapa, nani mwana?

Kilio cha kwanza. Cha pili. Kwikwi. Cha tatu.

Msitu ukanyamaza. Hakuna tawi lililovunjika. Kobelo akaanza kuhisi furaha ikimpanda kutoka tumboni, ya taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye nguo. Amesikia, akawaza. Ameijua. Amewaambia watulie, nao wametulia. Ataita mara kumi nyingine, ili vijana waridhike, kisha atashusha pembe, na mshale wa Mkude utapiga hewa, na itakuwa imekwisha. Akaita ya kwanza kati ya kumi. Akaita ya pili, ya tatu, ya nne. Midomo ilikuwa imepasuka, akaonja damu, na hata damu ile ilikuwa tamu kwake. Akaita ya tano.

Majani yakalalia upande mmoja, mbele yake.

Hazikuwa kwato.

Nyayo zilikuja bila kunyata na bila kukimbia, nyayo za mtu anayerudi kwao, zikasimama mbele ya magoti yake. Akasikia mtu anahema. Kisha vidole vikamgusa nyuma ya kichwa, vikalifungua fundo la kitambaa, kwa ustadi wa mkono uliokwisha kufungua mafundo mengi ya nyumba ile, na adhuhuri ikamwagika machoni mwake, nyeupe.

"Baba," Sikitu akasema.

Alikuwa amekonda. Nywele zilikuwa zimemwota, ndefu, zimejaa majani, na usoni alikuwa na tabasamu ambalo Kobelo hakuliona tangu mkewe alipokuwa hai. Alipiga magoti mbele yake kama wanavyopiga magoti mabinti wanaoamkia, na juu ya bega lake, kati ya miti, wengine walikuwa wakitokeza, mmoja mmoja, wanawake wamebeba watoto mgongoni, wanaume mikono mitupu, wamefumba macho kwa mwanga.

Kobelo hakuitoa pembe mdomoni. Kilio cha kwanza, cha pili. Upande wake wa kushoto, hatua thelathini, uzi wa upinde ulikuwa umevutwa mpaka sikioni, hakuhitaji kuona. Kwikwi. Cha tatu.

"Wenzangu walisema ni mtego," Sikitu akasema, na akacheka kidogo, pale kwenye kwikwi. "Walitaka tukae kimya. Nikawaambia hapana, huyo si mtego, hilo kovu nalijua, huyo ni baba yangu. Hawezi kuniita bure. Nikawaambia ninyi nifuateni mimi, nitatangulia."

Kobelo akamsukuma kwa mkono ulio huru. Sikitu akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili. Akajaribu kuinuka amkinge, na miguu, iliyokunjwa muda wote ule, ilikuwa imekufa ganzi, haikumjibu. Akamkodolea macho, akatikisa kichwa, kushoto, kulia, pembe ikiendelea kulia, na machozi yakamtoka, na binti yake alipoyaona machozi hayo na yeye wake yakamtoka. Kila pumzi aliyoipuliza ilimwacha Sikitu hai, na kila pumzi ilileta mtu mwingine kutoka mitini. Walikuwa ishirini sasa. Walikuwa thelathini. Mwanamke mmoja alikuwa amemshusha mtoto wake chini ili atembee mwenyewe. Kati ya kilio na kilio, mapafu ya mzee yalivuta hewa kidogo kuliko yalivyovuta kabla, na jua halikusogea.

"Midomo imekupasuka," Sikitu akasema. "Umeita tangu lini, baba? Basi. Nimefika."

Kilio cha kwanza. Cha pili.

"Nimefika, baba, nimeshakuja. Pumzika sasa," akasema, akanyoosha mkono, taratibu, aiondoe ile pembe mdomoni mwake.